Mstari wa Mama Mbolea

Wifi yangu ana jina lake zuri alilopewa na wazazi wake, lakini ukija mtaani kwetu kuliulizia jina hilo utazungushwa mpaka soli za viatu ziishe. Uliza Mama Mbolea. Hata aliyehamia jana atakuonyesha njia kwa kidole, na akikosea, pua yako itakusaidia.

Jina hilo nilimpa mimi, kwa utani wetu wa wifi kwa wifi. Alipita mbele ya kibanda changu akisukuma toroli la samadi, amevaa gauni la maua nililomshonea kwa mikono yangu, bado jipya, halijaingia maji hata mara moja. Nikamuuliza kama hiyo ndiyo heshima ya gauni langu. Akajibu kwamba gauni limeheshimika sana, maana limepelekwa kazini, halijapelekwa kukaa. Nikamwita Mama Mbolea kwa sauti ili majirani wasikie. Nilidhani atanuna. Akacheka mpaka toroli likampiga chenga, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita vingine.

Mimi ni fundi cherehani, na kibanda changu kinatazamana na ukumbi wa mtaa. Hakuna anayeingia wala kutoka pale nisimwone, na nikikosa kuona nasimuliwa na anayekuja kubadilisha zipu. Kaka yangu, mume wa Mama Mbolea, ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nusu ya mageti ya mtaa huu ni kazi ya mkono wake. Ni mtu mpole kupita kiasi, na udhaifu wake mkubwa ni kwamba neno hapana halimtoki mdomoni. Kwa hiyo habari hizi nazisimulia nikiwa dada wa mume, na mnatujua sisi dada wa waume, hatuna sifa ya kuwasifu wake za kaka zetu. Mkinisikia namsifu huyu, jueni nimeshindwa kujizuia.

Nyuma ya nyumba zetu kinapita kijito. Wifi alipoletwa hapa bi harusi, kilikuwa jalala. Kingo zake zilikuwa tupu, hakuna mti wala jani, na kila mvua ikinyesha kijito kilijimegea kipande cha ua wa mtu. Msimu mmoja kiliondoka na choo cha jirani yetu, mlango, bati na vyote, bahati mwenyewe alikuwa kazini. Watu walimpa pole jirani na kurudi kwenye shughuli zao. Wifi hakurudi. Wiki hiyo hiyo alianza kuokota pakiti tupu za maziwa, akazijaza udongo, akapanda mbegu na kuzipanga kando ya ukuta wa jiko. Mama yetu mzazi alimuuliza kama amekuja kuolewa au kufungua msitu. Akajibu kwa adabu zote, "Vyote viwili, mama, kama utaniruhusu."

Mama akaruhusu, na baadaye akawa wa kwanza kumletea maganda ya mayai. Wakafuata wanawake wengine. Pakiti za maziwa zikawa viriba halisi vya miche, ukuta wa jiko ukawa mdogo, wakapewa kipande cha ardhi kando ya kijito wakafungua kitalu. Mimi nilishona neti ya kivuli, na kwa kazi hiyo nikaandikwa mwanachama. Wenzangu walichekecha udongo, wakachanganya na mchanga na samadi, wakajaza viriba, wakahamisha vichipukizi kimoja kimoja kwa vijiti, wakapunguza mizizi iliyotoboa chini. Mvua zilipokuja walishuka kingoni kupanda. Ukipita leo utaona kivuli kutoka darajani mpaka shuleni, na kijito kimerudi kuwa na adabu zake.

Kitu kikishapendeza, watu hukiona kinahitaji uongozi. Ikaundwa Kamati ya Hifadhi ya Kijito, na uongozi ukawaangukia waliokuwa na nafasi ya kuongoza, yaani wale ambao hawakuwa wakimwagilia. Mwenyekiti wa kwanza alihamishwa kikazi. Wifi akawa kaimu mpaka alipopatikana mwanaume mwingine. Huyo wa pili akaanzisha biashara, biashara ikammeza. Wifi akawa kaimu tena. Kisha akaja Bwana Hoja, tuliyemwita hivyo kwa sababu hawezi kuomba hata chumvi bila kusema kwanza ana hoja. Huyo alidumu. Lakini ana watoto kila upande wa nchi, na kila mtoto akijifungua yeye husafiri, na watoto wake wanajifungua sana. Basi Wifi akakaimu mpaka ukaimu ukamzoea.

Akiwa kaimu ndipo mambo yalipokuwa yakifanyika. Aliwafuata wenye mbuzi nyumba kwa nyumba mpaka wakakubali kuwafunga mbuzi wao. Aliwaondoa waliokuwa wakimwaga taka darajani, na hakutukana mtu. Bwana Hoja alirudi safari akatazama, akasema, "Tumefanya kazi nzuri." Hiyo "tu" yake ilikuwa ikinikereketa kooni mimi, wala si Wifi.

Mtauliza kwa nini hakuchaguliwa. Jibu ni la saa. Mikutano yote ilifanyika ukumbini saa kumi alasiri, na saa kumi ndiyo saa jua linapopoa, miche inapomwagiliwa maji bila majani kuungua. Wanawake walikuwa kitaluni, wameinama. Na sisi huku hatupigi kura za siri. Mgombea husimama, wanaomtaka wanapanga mstari nyuma yake, wanahesabiwa vichwa. Asiyekuwepo hana kichwa. Kila uchaguzi wanawake walituma ujumbe kumtaja wanayemtaka, na kila uchaguzi katibu wetu, mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri sana, aliandika kwamba akina mama wametuma salamu.

Kinachoniudhi ni kwamba hakukuwa na ubaya wowote wa kukamata. Hakuna aliyemchukia Mama Mbolea. Walimsifu katika kila hotuba, walimwita nguzo ya kamati. Nami kule kibandani nilikuwa nikijisemea kwamba nguzo hakuna anayeiandalia kiti, inasimama tu na paa kichwani.

Mwaka huu Bwana Hoja alitangaza kwamba amechoka, anakwenda kuishi kwa binti yake mkubwa. Habari ilinifikia kabla hajamaliza kusema. Jioni ile Wifi alikuja kibandani, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akaniangalia nikipunguza urefu wa suruali ya mtu.

"Wifi," akasema, "safari hii naitaka."

Nikamuuliza anataka nini.

"Ile kazi. Kila mwaka naifanya. Nataka niifanye ikiwa yangu."

Niliweka mkasi chini. Miaka yote niliyomjua, sijawahi kumsikia akitaka kitu zaidi ya samadi iliyooza vizuri. Nilimuuliza kama amemwambia mumewe. Akasema hapana, mumewe hajamuuliza. Nikamwahidi kwamba jina lake nitalipendekeza mimi mwenyewe, na nikamshonea mfuko mkubwa kwenye aproni yake ili apate pa kuweka mikono siku ya kuhutubia.

Sasa sikieni balaa. Siku chache baadaye anakuja mteja wangu wa zipu, ananiambia hongera, kaka yako anagombea uenyekiti. Sindano ilinichoma kidole. Kumbe Bwana Hoja na katibu walikwenda karakana kwa kaka yangu, wakamwambia yeye ni mtu wa watu, hana makundi, na zaidi ya yote mkewe yupo, atamsaidia kazi. Kaka, kwa udhaifu wake ule niliowaambia, akajibu kwamba atafikiria. Wakatoka na hilo neno kama wametoka na ndiyo iliyopigwa muhuri.

Nilifunga kibanda mchana kweupe, jambo nisilolifanya hata nikiugua, nikaenda karakana. Kaka akainua kile kinyago chake cha kuchomelea akaniona nilivyovimba.

"Dada, sikusema ndiyo," akawahi kujitetea.

"Ulisema hapana?"

Akashusha kinyago tena. Nikamwambia hapo hapo kwamba mkewe anaitaka hiyo nafasi, na kwamba amekuwa akiifanya kazi yake huku wengine wakipigiwa makofi. Akazima mashine. Akaniuliza mbona mkewe hakumwambia. Nikamjibu kwamba watu wawili wanaokula sahani moja hawapaswi kupelekewa habari zao na fundi cherehani.

Alijaribu kuliondoa jina lake, hilo nampa haki yake. Bwana Hoja akamwambia limeshapitishwa, na kuliondoa sasa ni kuwaaibisha wazee. Kaka akanywea. Jioni nyumbani Wifi alikuwa ameshasikia. Hakugomba. Alimwekea chakula mezani, akamkaribisha maji ya kunawa, akasema, "Hongera, mgombea." Kaka aliniambia tonge la kwanza lilimkaa shingoni na la pili hakulithubutu. Ningekuwa mimi ningevunja sahani, lakini nadhani lile neno moja lilivunja zaidi.

Nilianza kuona tumeshashindwa. Tungekwenda ukumbini saa kumi, wanawake wangekuwa kitaluni, na kaka yangu angechaguliwa kwa upole wake. Hapo ndipo Bwana Hoja alipotusaidia pasipo kujua. Kwa kuwa ulikuwa mkutano wake wa mwisho, alimwalika afisa misitu aje kusimamia uchaguzi, na alitaka mgeni aione miche na lile bango lililoandikwa jina lake Bwana Hoja kwa rangi ya kijani. Akatangaza kwamba uchaguzi utafanyika kitaluni. Saa kumi, kama kawaida.

Niliposikia nilishona mkono wa shati la watu upande wa shingo. Hakuna mwanaume hata mmoja aliyejiuliza ni nani anayekuwa kitaluni saa kumi. Katibu aliandika, wajumbe wakapiga makofi, wakatawanyika. Nami nilifanya kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, nilinyamaza. Niliwaambia tu akina mama wasibadilishe chochote, wamwagilie kama siku zote, na wale wa zamu ya asubuhi, kama watapata hamu ya kurudi kutazama miche yao, miche haina kinyongo.

Siku ilifika, jua zuri. Wanaume walikuja na mashati yaliyonyooshwa, mawili matatu nimeyanyoosha mimi, wakibeba viti kutoka ukumbini. Wanawake walikuwa kati ya matuta, wamekunja mikono ya nguo, tope mpaka viwikoni. Afisa misitu, mtu wa makamo mwenye kucheka haraka, aliwekwa chini ya neti yangu ya kivuli. Bwana Hoja akamzungusha mpaka kwenye bango, akalisoma kwa sauti ingawa mgeni alikuwa anajua kusoma.

Katibu akasoma kanuni. Hakuna kelele, hakuna kusukumana, na atakayetoka kwenye mstari kabla ya kuhesabiwa, kura yake imepotea. Hii ya mwisho aliirudia mara mbili, maana uchaguzi uliopita kuna mtu alitoka kwenda kujisaidia wakamhesabu aliporudi, ukazuka ugomvi. Kisha Bwana Hoja akalitaja jina la kaka yangu, akauliza kama kuna jina lingine, kwa ile sauti ya mtu anayefunga mlango. Nikanyoosha mkono.

"Lakini Mama Mbolea ni kaimu wetu," akasema Bwana Hoja, kwa mshangao wa kweli kabisa.

"Ndiyo maana," nikamjibu.

Afisa misitu akacheka, akasema jina liandikwe. Wagombea wakaitwa waseme machache. Kaka alianza. Alisema yeye ni fundi wa vyuma, na mti anaufahamu ukishakuwa mbao, kisha akakaa. Watu wakacheka, lakini mimi nilimwona anavyokwepa kumtazama mkewe.

Wifi alikuja mbele akijifuta tope kwenye aproni. Mikono aliitia kwenye ule mfuko.

"Mnanijua," akasema. "Hii kazi mmeniazima mara nyingi, na kila mara nimeirudisha ikiwa nzima. Leo naomba msiniazime. Nipeni."

Alimaliza hapo, akaenda kusimama kando ya bomba la maji. Nilihisi machozi yananijia na nikajikaza, kwa sababu sijawahi kulia mbele ya wateja wangu.

Mistari ikaanza. Wanaume wakajipanga nyuma ya kaka kwenye njia iliyo kati ya matuta, Bwana Hoja wa kwanza, katibu anafuata. Njia zile ni nyembamba, mtu mmoja tu anapita, na kila mmoja alikuwa anaangalia pa kukanyaga asije akaua mche mbele ya mgeni. Upande wa bomba wanawake wakaweka ndoo chini mmoja mmoja. Wakaja wa zamu ya jioni, wakaja wa zamu ya asubuhi na nguo zao za nyumbani, akaja yule jirani wa choo kilichosombwa, mwanaume mzima, akasema yeye ana sababu zake. Mstari ukapita tangi, ukazunguka rundo la samadi, ukafika getini.

Nami nilikuwa na safari yangu fupi. Kwenda kwa Wifi ilinibidi nipite mbele ya kaka yangu, tumbo moja, titi moja. Aliniangalia. Nikampiga bega kidogo nikaendelea na njia yangu.

Kila mwenye macho aliona mstari upi mrefu. Bwana Hoja akasema ana hoja, kwamba tusubiri, kuna wajumbe wako njiani. Afisa misitu akatazama njia, haikuwa na mtu, akasema tusubiri kidogo tu. Katika kule kusubiri ndipo kaka yangu alipogeuka. Aliondoka pale aliposimama akaanza kutembea taratibu kati ya matuta.

Bwana Hoja alikuwa amemshika bega asipoteze nafasi. Kaka alipotembea, naye akatembea. Katibu, mwenye kanuni yake kichwani, asingetoka mstarini hata kwa mtutu, akafuata. Waliokuwa nyuma wakadhani wanahamishiwa mahali penye upana, wakafuata, kila mmoja na mkono kwenye bega la mwenzake, macho chini kuchunga miche. Wazee wazima wakazunguka kitalu chote kama watoto wa shule ya vidudu wanaopelekwa kunawa mikono. Wakapita tangi, wakapita rundo la samadi, na mzee mmoja akalikanyaga. Kaka alipofika getini, alisimama nyuma ya mwanamke wa mwisho, akatulia.

Bwana Hoja akainua uso. Mbele yake, mbali kabisa, aliliona bomba, na kando ya bomba Mama Mbolea.

"Tuko wapi hapa?" akauliza.

"Kwenye mstari, mzee," kaka akamjibu. "Usitoke, kura itapotea."

Kicheko kilianzia kwa afisa misitu, kikashuka mstari mzima mpaka kwa mzee mwenye samadi kiatuni. Watu walishika mbavu, wengine walishikana wao kwa wao. Katibu alivua miwani akafuta, akavaa, akaona ni kweli. Wala msidhani kwamba ni wale wanaume waliomchagua. Afisa misitu alihesabu kwanza mpaka getini, akatangaza kwamba hapo tu Mama Mbolea ameshashinda, halafu akahesabu na waliobaki kwa heshima ya safari yao. Bwana Hoja mwenyewe, nikimtazama usoni, alikuwa anacheka kama mtu aliyetuliwa mzigo, na akasema hana hoja.

Katibu akaja mbele kutangaza. "Kaimu mwenyekiti," akaanza, kwa mazoea ya miaka. Akasita. Kitalu kizima kikamngojea. Akaanza upya, safari hii bila lile neno la mbele, na pale Wifi akajifunika uso kwa aproni iliyojaa tope, na alipoifunua alikuwa analia na kucheka, na uso wote ni udongo. Mimi pia nililia. Wateja wangu wavumilie.

Kaka aliniambia baadaye kwamba alipokuwa amesimama mbele ya mstari wake, alimtazama mkewe kule bombani, watu wote wakimtazama, na akaona yeye amesimama upande ambao si wake. Usiku ule, alisema, matonge yote yalipita.

Lakini nimalizie pale pale kitaluni. Tulitaka hotuba. Mwenyekiti akalitazama jua, akatazama miche ambayo nusu yake ilikuwa bado haijapata maji, akasema hotuba hana ila ana tangazo moja.

"Mkutano ujao ni hapa hapa, saa kumi," akasema. "Tunamwagilia kwanza, wote. Tukimaliza, tunakaa. Kila mjumbe aje na ndoo."

Katibu aliandika. Siku ilipofika, Bwana Hoja, ambaye alikuwa hajasafiri bado, alikuja na kindoo cha mjukuu wake, na kaka yangu alikuja na ndoo mbili.